Cherehani Juu ya Kitambaa Cheupe

Sajenti Dionisia aliitazama picha ile kwenye simu mpaka macho yakaanza kumwuma, na kadiri alivyoitazama ndivyo ilivyozidi kumnyima cha kushika. Cherehani ya mkono, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefifia, imewekwa juu ya kitambaa cheupe. Basi. Hakuna ukuta, hakuna mlango, hakuna kivuli cha mtu. Chini yake palikuwa na maneno makavu: "Cherehani. Inafanya kazi. Vipimo vimechukuliwa. Bei ya soko." Katika miaka yake yote ya upelelezi hapo Nachingwea hakuwahi kukutana na mwizi msafi namna hii.

Kitu kimoja tu kiliisemea. Mpini wa kuzungushia ulikuwa umefungwa utepe wa kaki, kitambaa kile kinachoshonewa kaptura za wanafunzi. Utepe huo aliufunga marehemu fundi Awadhi kwa mkono wake mwenyewe, na mjane wake, Bi Mwanawetu, alipoonyeshwa picha na mpwa wake aliutambua kabla hajavaa miwani.

"Ni yenyewe," alimwambia Dionisia siku aliyotoa malalamiko. "Na aliyeichukua ninamjua. Sipendi kumtaja, lakini ninamjua."

Akamtaja Hemedy, mtoto wa mumewe kwa mke wa kwanza. Kumtaja kulimchosha; alipomaliza alijilaza kwenye mkeka na kugeukia ukutani. Na ni yeye Bi Mwanawetu aliyemlea Hemedy huyo tangu hajajua kufunga vifungo vya shati.

Habari yenyewe, kwa jinsi Dionisia alivyoielewa, ilikuwa hivi. Fundi Awadhi alifariki na kuzikwa. Mjane akaingia eda, akakaa chumbani kama dini inavyotaka. Arobaini ilipopita na shule zikawa zinakaribia kufunguliwa, aliomba aletewe cherehani humo humo ndani ashone sare, maana ndiyo kazi waliyokuwa wakiifanya wawili na sasa imebaki ya mmoja. Mpwa wake akafungua chumba cha kazi. Meza ipo, mkasi upo, cherehani haipo. Na mtu pekee aliyelala katika chumba hicho baada ya mazishi, akiwa na ufunguo mfukoni, ni Hemedy.

Ndugu wakasema kikulacho ki nguoni mwako, na wakapeleka shauri polisi kwa niaba ya mjane asiyeweza kutoka. Wiki hiyo hiyo picha ikaonekana kwenye kundi la simu linaloitwa Vyombo Safi, ambalo watu wa Nachingwea na Ruangwa huuziana vitanda, makabati, sufuria na kila kitu cha nyumbani. Ilikuwa imewekwa Alhamisi. Admini wa kundi anakaa Ruangwa. Na Alhamisi, Hemedy alionekana Ruangwa.

Kesi ilikaa vizuri mno, na hilo ndilo lililomsumbua Dionisia. Alimtoa Hemedy mahabusu akamkalisha mbele yake kwa mara nyingine.

"Hemedy, Alhamisi ulikwenda Ruangwa kufanya nini?"

"Kutembea, afande."

"Kumtembelea nani?"

"Sikumtembelea mtu. Nilitembea tu."

"Cherehani ya baba yako umeiona mara ya mwisho lini?"

Kijana aliinama akatazama vidole vyake. "Kabla hajafa."

"Umelala chumba kile baada ya mazishi. Haikuwapo?"

"Haikuwapo."

"Na hukuuliza?"

"Mtoto wa kambo haulizi vitu, afande."

Jibu hilo lingeweza kuwa la mwizi, na lingeweza kuwa la mtu mwenye haya. Dionisia aliligeuza huku na huku asipate lipi ni lipi. Mkuu wake alikwisha mwambia kwamba jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka asubuhi inayofuata, na yeye alielewa kabisa maana ya hilo: Hemedy akipanda kizimbani kwa malalamiko ya Bi Mwanawetu, hata akija kushinda, nyumba ile haitakuwa tena na mama wala mtoto. Alichukua pikipiki ya kituo akashika njia ya Ruangwa.

Alikuwa amekwisha jaribu njia fupi. Jioni iliyotangulia aliomba kuingia Vyombo Safi kama mnunuzi, akakubaliwa, akaandika: "Habari zenu, naulizia cherehani." Kabla hajaweka simu chini alikuwa ameondolewa. Alidhani mtandao una matatizo. Akaomba tena, akakubaliwa, akaandika kwa adabu zaidi kwamba yeye ni mama wa watu na angependa kujua muuzaji yuko wapi. Akaondolewa tena, safari hii na onyo.

Admini, bwana Nicholaus, alimpokea kwenye duka lake la misumari na mabati akiwa na futi ya kupimia shingoni. Aliwahi kuwa mtunza ghala, na mpangilio wa duka ulilisema hilo kabla yake: misumari midogo haikuthubutu kukaa karibu na mikubwa.

"Ninakukumbuka," alisema. "Wewe ulisalimia."

"Kusalimia ni kosa?"

"Kwenye kundi, ndiyo. Watu mia wakisalimia, kabati linauzwa saa ngapi? Na ukauliza muuzaji yuko wapi. Hilo ni kosa kubwa zaidi."

Dionisia alimwonyesha kitambulisho chake cha polisi. Nicholaus alikisoma mbele na nyuma, akamrudishia kwa mikono miwili, na bado hakutaja muuzaji. Alitaka barua yenye mhuri. Dionisia alimweleza kwamba barua itakuja, ila kijana amekaa ndani na mjane amekaa bila kazi, na mhuri hauna haraka kama wao. Nicholaus alifikiri, akavuta kiti, akakaa.

"Usinione mkorofi, mama. Kundi hili lilikuwa vurugu. Mtu anaweka picha ya friji ya jirani, anakula fedha ya mtu, anazima simu. Mwingine anaweka namba ya dada anayeuza vikombe, wanaume wanampigia kumuuliza mambo yasiyo ya vikombe. Nikasema hapana. Picha iwe juu ya kitambaa cheupe, isionyeshe nyumba ya mtu. Jina lisiwepo, namba isiwepo. Vipimo viwepo. Maneno ya kusifia yasiwepo. Mzaha usiwepo. Anayekosea anatoka."

"Na cherehani hii? Nani aliileta Alhamisi?"

"Haikuletwa Alhamisi. Ni ya zamani. Kitu kisichouzwa ninakirudisha mimi mwenyewe juu kila Alhamisi, ili kisifukiwe na vipya. Ndiyo kanuni."

Dionisia aliacha kuandika. Nusu ya kesi ya Hemedy ilisimama juu ya Alhamisi hiyo, na sasa Alhamisi yenyewe imetengenezwa na mtu huyu mwenye futi shingoni.

"Ililetwa lini mara ya kwanza?"

"Sikumbuki siku. Ni kabla watu hawajaanza kuvuna ufuta. Ninakumbuka kwa sababu ilinisumbua bei. Yule mtu hakuandika fedha. Aliandika anataka jogoo."

"Jogoo?"

"Jogoo mmoja, wa kienyeji. Kwa cherehani nzima. Na maneno mengine ya upuuzi marefu, nikayafuta yote. Kanuni inasema bei iwe fedha, na isiwe ya kejeli. Nikamwekea bei ya soko."

Dionisia alimtazama akitafuta dalili ya mzaha, akakumbuka kwamba mzaha hauruhusiwi. Mwizi gani anaiba cherehani nzima halafu anataka jogoo? Mlevi? Au jogoo ni neno la siri la watu wanaouziana vitu vya wizi? Alikwisha wahi kusikia "mbuzi" ikitumika hivyo, na ilikuwa bangi.

"Kuna kitu kingine," Nicholaus aliendelea. "Kijana mmoja alikuja hapa Alhamisi kuiulizia cherehani hiyo hiyo. Alitaka nimwambie anayeuza ni mwanamke au mwanamume. Hilo tu. Nikamwambia kanuni hairuhusu. Alikaa pale kwenye ngazi muda mrefu, akaondoka."

Alimweleza sura yake, na sura ilikuwa ya Hemedy. Dionisia alifunga kalamu. Alikuja huku akiwa na mwizi kichwani, na sasa mwizi huyo anamtafuta anayeuza mali ile ile anayodaiwa kuiiba. Aliyaona mawazo yake yamejifunga fundo, na kila alipovuta uzi mmoja fundo lilikaza. Mwishowe Nicholaus, kwa sharti la kwamba barua ifike kabla ya Jumamosi, alimpa namba iliyoleta picha. Ilisajiliwa kwa jina la Ashura, wa Nambambo.

Ashura alikuwa mwanamke wa rika la Hemedy, mcheshi, ana chupa za chai zimepangwa barazani kwa rangi. Aliposikia neno Vyombo Safi alikaa chini kwanza.

"Afande, usinitajie yule baba. Ameninyima raha. Chupa hii unaiona? Mara ya kwanza kanitoa eti kidole changu cha mguu kimetokea kwenye picha. Kidole, afande. Mara ya pili nikaandika 'inatunza joto mpaka asubuhi,' akasema nimesifia. Ya tatu akasema maua ya kwenye chupa ni mapambo yasiyoruhusiwa. Sasa chupa imezaliwa na maua yake, mimi nifanyeje, niyakwangue?"

"Lakini bado umo kwenye kundi."

"Nimo. Nimejifunza kunyamaza. Na kwa sababu nimo, kila aliyetolewa ananitumia mimi. Kabati la Mama nani, kitanda cha Mwalimu nani, vyote vinapita kwangu. Nimekuwa posta ya Nambambo nzima."

"Na cherehani hii?"

Ashura aliitazama picha. "Hii siyo ya Nambambo. Hii ilitoka kwa mzee mmoja wa huko Chiola, rafiki wa marehemu babu. Alikuwa kundini zamani, akatolewa kwa maneno mengi. Akanipigia, anacheka mpaka simu inakwaruza. Nikamwuliza, mzee, muuzaji nimwandike nani? Akasema mwenyewe amesafiri na harudi leo wala kesho. Nikadhani amekwenda Dar, na maneno yake marefu nikayapeleka bila kuyasoma."

"Jina lake?"

"Babu alikuwa akimwita Komredi. Sijui zaidi. Simu yake haipatikani, kule mtandao ni wa kupandia mlimani."

Dionisia aliandika "Komredi, Chiola" akijua kwamba wazee wanaoitwa Komredi katika wilaya ile wanajaza uwanja wa mpira. Alitaka kuondoka, kisha akaona shuka jeupe limeanikwa kwenye kamba, na akaelewa kwamba ndilo shuka ambalo vyombo vya Nambambo nzima vimepigiwa picha juu yake.

"Cherehani haikuwekwa juu ya shuka hili?"

"Mbona unanionea, afande? Angalia." Ashura aliikuza picha kwa vidole viwili. "Shuka langu lina upindo. Hiki hakina upindo, kimechanwa kwa mkono, nyuzi zinaning'inia. Na hakijawahi kufuliwa, bado kina ile gundi ya dukani. Hiki siyo shuka. Ni bafta."

Neno hilo lilibaki masikioni mwa Dionisia mpaka alipowasha pikipiki. Yeye ni Mkatoliki, lakini amezaliwa na kukulia na majirani Waislamu, na bafta jeupe, jipya, lililochanwa kwa mkono, analijua linakotoka. Linatoka kwenye sanda. Wakati maiti inavishwa, kipande kinachobaki huwa pale nyumbani, kabla mtu hajakikunja na kukiondoa. Kumbe cherehani haikuondoka baada ya arobaini, wala siku aliyolala Hemedy na ufunguo mfukoni. Iliondoka pamoja na kipande hicho siku ya mazishi, wakati uwanja umejaa watu.

Hapo akachanganyikiwa zaidi. Kama cherehani ilitoka mchana kweupe, mbele ya nusu ya mtaa, ilikuwaje pasiwe na hata mmoja aliyepiga kelele? Na Hemedy siku hiyo alikuwa makaburini, si nyumbani. Ndiye mtoto wa kiume. Ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea baba yake.

Alirudi mjini akaenda moja kwa moja kwa Zena, jirani wa marehemu, aliyesimamia majiko siku ya msiba. Askari mwenzake alikwisha mhoji. Zena alikuwa anachambua mchele, na hakuuacha.

"Nilishasema, afande. Sikuona mwizi."

"Siku ya mazishi ulikuwa nje muda wote?"

"Tangu alfajiri, kwenye sufuria."

"Hukuona mtu anatoka ndani na kitu?"

"Mwizi sikuona. Kama ningemwona ningewaambia."

Dionisia aliutazama ungo unavyorushwa na kudakwa, chuya zikitangulia mbele, na ndipo alipoona kwamba tangu mwanzo wameuliza swali lile lile na kupewa jibu lile lile, na kwamba jibu ni la kweli. Akaliweka swali upya.

"Dada Zena, tumwache mwizi. Cherehani ya fundi siku ile ilitoka na nani?"

"Aa, cherehani?" Zena alisema bila kuinua macho. "Cherehani alitoka nayo mzee Saturnini wa Chiola. Aliibeba kichwani, ameifunika kile kipande cha sanda, anatembea kwa kuchechemea kama fundi alivyokuwa anachechemea. Tulikuwa tunalia, tukacheka, tukalia tena. Si ni mtani wao? Mngoni yule. Fundi si alikuwa Myao?"

"Kwa nini hukusema?"

Sasa Zena alisimamisha ungo. "Nyinyi mliniuliza mwizi. Mtani ni mwizi? Tena nilidhani walikwisha ikomboa siku nyingi. Mtani akichukua kitu msibani unampa chake anarudisha, yamekwisha. Niliposikia cherehani imeibwa nikajua ni baada ya kurudishwa."

Dionisia alitaka kucheka akashindwa. Alikuwa anaijua mila hiyo tangu utoto. Aliona watani wakiiba masufuria kwenye msiba wa bibi yake, na mmoja akilala ndani ya kaburi na kudai alipwe ndipo atoke. Kama tangazo lile lingefika kundini kama lilivyoandikwa, mtoto wa darasa la tatu angejua ni utani. Lakini lilisafishwa, likapimwa, likawekwa bei, na mzaha wa msibani ukageuka mali ya wizi.

Chiola alifika jua linaanza kulegea. Mzee Saturnini Ngonyani, ambaye baba yake alitoka Songea kuja kulima karanga za wazungu na hakurudi tena, alikuwa amekaa uani anapukuchua mahindi. Cherehani ilikuwa barazani, juu ya meza yake peke yake, imefutwa vumbi na kutiwa mafuta. Utepe wa kaki uko pale pale.

"Komredi," Dionisia alisema.

"Komredi ni wa zamani, mwanangu. Siku hizi nimebaki Saturnini. Karibu. Umekuja na jogoo?"

"Nimekuja na jalada la wizi, mzee."

Alimweleza yote: mjane, ufunguo, Hemedy aliye mahabusu. Mzee aliacha gunzi mkononi lisijue liende wapi. Dionisia alipomwonyesha maneno ya kundini aliyasoma kwa shida, akipeleka simu mbali na kuirudisha karibu.

"Mimi sikuandika haya. Mimi niliandika: Fundi amekwenda kushona nguo za peponi, mashine amemwachia mtani wake. Anayeitaka alete jogoo, na ale hapa hapa. Nilijua ndugu zake wote wamo humo, wataona, watakuja wamekasirika, tutacheka, tutamkumbuka." Alirudisha simu. "Nikakaa. Hawakuja. Nikasema basi, wamenuna. Siku hizi watu wanasoma, utani wanauona ujinga. Iliniuma, mwanangu. Awadhi alinizikia mke wangu. Alimwibia marehemu kanga yake moja, nikamkomboa kwa mkungu wa ndizi."

"Basi niichukue niwapelekee, tumalize."

"Hapana."

"Mzee, kuna kijana yuko ndani."

"Ninakusikia, na ninaumia. Ukinifunga nifunge. Lakini ukiichukua wewe, nitakuwa nimeiba kweli, na polisi mmeikamata. Aje mwanaye na jogoo, nitampa mbele ya watu. Utani una sheria zake."

Dionisia alivuta pumzi. Siku nzima amekuwa akitoka kanuni moja na kuingia nyingine, na hii ya mwisho ndiyo pekee aliyoiona ina haki ya kusubiriwa. Aliandika maelezo ya mzee, mzee akaweka saini, wakaagana.

Kituoni alimtoa Hemedy kwa mara ya mwisho. Hakumkalisha.

"Ulipokwenda Ruangwa, ulitaka kujua muuzaji ni mwanamke au mwanamume. Ulimdhani nani?"

Kijana alitazama mlango, kisha akatazama chini. "Mama."

"Ulidhani Bi Mwanawetu ameiuza?"

"Sikuikuta chumbani, halafu nikaiona inauzwa. Ufunguo mwingine anao yeye. Nikasema labda ana shida hataki kuniambia. Nilitaka niinunue niirudishe tu."

"Na nilipokuuliza, mbona ulikaa kimya mpaka ukalala ndani?"

"Yuko eda, afande. Ningemtaja, watu wangesema anauza vitu vya baba hata kaburi halijakauka. Mimi nikiitwa mwizi ni kijana, yataisha. Yeye aibu hiyo angekufa nayo."

Dionisia alijikuta anatafuta funguo za pikipiki ambazo zilikuwa mkononi. Ilimpasa amfikie mlalamikaji kabla jalada halijaondoka asubuhi, na mlalamikaji haruhusiwi kuja kituoni. Basi kituo kikaenda kwa mlalamikaji: Dionisia, jalada kwapani, na Hemedy nyuma ya pikipiki.

Alimwacha kijana uani akaingia peke yake. Bi Mwanawetu alikaa kwenye mkeka, amevaa nyeupe, mbele yake kuna vitambaa vya kaki alivyokwisha kata na kuvipanga kwa saizi, vinangoja mashine. Dionisia alimsimulia tangu jogoo mpaka bafta. Aliposikia Saturnini amechechemea na cherehani kichwani, mjane alicheka kabla hajajizuia, akaweka mkono mdomoni.

"Awadhi angempiga kiatu," alisema. Kisha kicheko kikamwisha. "Na Hemedy? Ruangwa alifuata nini?"

Dionisia angeweza kusema hajui. Jalada halikulihitaji jibu hilo.

"Alidhani umeiuza wewe, mama. Alikwenda kuitafuta airudishe, na akakataa kukutaja."

Bi Mwanawetu alichukua kipande kimoja cha kaki, akakikunja, akakikunjua, akakilaza juu ya goti lake.

"Mimi sikukataa kumtaja yeye," alisema. "Niliulizwa mara moja tu, nikamtaja."

Machozi yalimtoka wazi na hakuyafuta. Baadaye aliomba kalamu, akaandika jina lake chini ya maneno ya kuondoa malalamiko. Dionisia aliigeuza fomu ya kufungia jalada. Ilitaka achague: mali imepatikana, mali haikupatikana, mtuhumiwa hajulikani. Mali imejulikana ilipo na haitaki kutoka bila jogoo. Hapakuwa na mahali pa kuandika hivyo. Akaiacha wazi.

"Yuko nje," alimwambia mjane.

"Ninajua. Nimekisikia kikohozi chake tangu mlipofika." Bi Mwanawetu alijiweka sawa akainua sauti kuelekea dirishani. "Hemedy."

"Naam, mama."

"Jogoo mwekundu wa baba yako bado yuko?"

"Yuko, mama. Yuko huku kwenye kuni."

"Mkamate. Kesho asubuhi uende Chiola, ukamkomboe baba yako."

Wakasikia kuku anapiga kelele, ndoo inaanguka, kijana anakimbia upande huu wa nyumba kisha upande ule. Bi Mwanawetu alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama, mpaka kelele zilipotulia na pumzi za mtoto wake zikasikika karibu na dirisha.

"Nimempata, mama."

"Mfunge miguu umwache hapo," alisema. "Halafu uingie ndani. Sijakuona siku nyingi."